Chokoleti ya haki huanza na bei ya kakao

Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Ivory Coast na Ghana, na wengi wanaoilima ni wenye vishamba vidogo. Nikitaka kujua kama chokoleti ni ya haki, huuliza mambo matatu.

Kwanza, bei. Kuanzia msimu wa 2020/21, nchi hizo mbili ziliwadai wanunuzi dola 400 za ziada kwa kila tani. Alama ya Fairtrade nayo huweka bei ya chini kabisa, pamoja na nyongeza ambayo wakulima wenyewe, kupitia ushirika wao, huamua matumizi yake.

Pili, msitu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inalenga kuzuia kakao iliyolimwa kwenye misitu iliyofyekwa baada ya 31 Desemba 2020.

Tatu, mtoto. Je, ni nani anayepasua maganda kwa panga?

Kwangu mimi, bei ndiyo mama wa yote. Mkulima asiyelipwa vya kutosha hawezi kuajiri kibarua, hivyo humtumia mwanawe. Shamba likichoka hana pesa za mbolea, basi hufyeka msitu. Kwa hivyo ndugu msomaji, ukiona pakiti inasifu misitu na watoto, tafuta pia mkulima alilipwa nini.