Dawa za kulegeza misuli: Kwa nini mgonjwa asiamshwe kwa kubahatisha

MGONJWA anayesubiri kufanyiwa upasuaji aghalabu huhofia kisu. Ni wachache wanaofahamu kuwa mojawapo ya dawa atakazodungwa itamzuia hata kupumua, na kwamba uhai wake utategemea jinsi dawa hiyo inavyotumiwa, inavyopimwa na inavyoondolewa nguvu kazi inapokamilika.

Hiyo ni dawa ya kulegeza misuli. Humwezesha mtaalamu wa nusukaputi kupitisha mpira wa kupumulia kooni bila kujeruhi nyuzi za sauti, na humpa daktari nafasi ya kufanya kazi tumboni bila misuli kukaza. Kwa kuwa misuli ya kifua nayo hulegea, mashine humpumulia mgonjwa hadi mwisho.

Asili yake ni kurare, sumu ya mimea ambayo wenyeji wa misitu ya Amerika Kusini waliipaka kwenye ncha za mishale. Mnamo Januari 23, 1942, Harold Griffith na Enid Johnson waliitumia katika upasuaji mjini Montreal, Canada, na tangu hapo taaluma ya nusukaputi ikabadilika.

Hailazi usingizi

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kuwa dawa hii haimlazi mtu usingizi wala haiondoi maumivu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 1947, daktari Scott Smith wa Marekani alikubali kudungwa kurare akiwa macho. Mwili wote ulipooza, lakini akili yake ilibaki timamu na alihisi maumivu kama kawaida.

Ndiyo maana ni lazima dawa ya usingizi itangulie na iendelee kutolewa muda wote. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka wa 2014 ulikadiria kuwa mgonjwa 1 kati ya 8,000 waliopewa dawa ya kulegeza misuli aliripoti kuwa na fahamu wakati wa upasuaji. Miongoni mwa wasiopewa, alikuwa 1 kati ya 136,000. Mgonjwa aliyelegezwa hawezi kupiga kelele wala kutikisa kidole ili kuomba msaada.

Makundi mawili

Kwa kawaida, neva hutoa kemikali iitwayo asetilikolini ambayo huuamuru msuli ujikaze. Dawa hizi huikatiza amri hiyo, kila kundi kwa njia yake.

Kundi la kwanza lina saksamethoniamu. Huanza kufanya kazi kwa takriban dakika moja na nguvu zake huisha baada ya dakika chache, pale kimeng'enya kilichomo kwenye damu kinapoivunja. Hata hivyo, kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho. Hao huweza kubaki wamepooza kwa saa kadhaa, na tiba yao ni kuendelea kulazwa usingizi na kupumuliwa na mashine hadi dawa iishe yenyewe. Aidha, dawa hii huweza kupandisha madini ya potasiamu kwa kiwango cha kuua kwa mtu aliyeungua vibaya siku kadhaa zilizopita au aliyepooza.

Kundi la pili lina dawa kama vile atrakuriamu, vekuroniamu na rokuroniamu. Hizi huziba nafasi ambazo asetilikolini ingetua, na hudumu kwa muda mrefu zaidi. Hapa ndipo suala la kuziondoa nguvu linapozuka.

Kupima, si kukisia

Hatari kubwa hujitokeza upasuaji ukiwa tayari umemalizika. Mgonjwa huonekana ameamka na anapumua, kumbe misuli ya koo ingali dhaifu. Mate au matapishi huweza kuingia mapafuni, njia ya hewa ikaziba, na oksijeni ikapungua akiwa tayari ameondolewa kwenye mashine.

Zamani ilitosha kumwambia mgonjwa ainue kichwa kwa sekunde tano. Sasa inajulikana kuwa mtu huweza kufaulu mtihani huo ilhali dawa haijaisha. Njia ya kuaminika ni kifaa kinachopitisha mipigo minne ya umeme kwenye neva ya kifundo cha mkono na kupima kidole gumba kinavyoruka. Nguvu ya mpigo wa nne inapaswa kufikia angalau asilimia 90 ya nguvu ya mpigo wa kwanza kabla ya mpira kutolewa. Macho pekee hayatoshi, kwani tofauti ya mipigo hiyo huwa vigumu kuonekana ikishapita asilimia 40.

Dawa za kuondoa nguvu

Dawa ya miaka mingi ni neostigmini, ambayo huzuia asetilikolini isivunjwe ili iweze kushindana na dawa ya kulegeza. Kwa vile hupunguza kasi ya moyo, hutolewa pamoja na atropini au dawa nyingine ya aina hiyo. Haifai mgonjwa akiwa bado amelegea kabisa. Wakati huo kuongeza dozi hakusaidii, bali ni kusubiri.

Dawa mpya zaidi, sugamadeksi, iliidhinishwa Ulaya mwaka wa 2008 na Marekani mwaka wa 2015. Huzingira rokuroniamu na vekuroniamu na kuzifungia ndani yake, na mara nyingi mgonjwa hurejewa na nguvu kwa dakika chache. Haina nguvu dhidi ya atrakuriamu wala saksamethoniamu, na bei yake ni ghali. Pia hudhoofisha dawa za homoni za kupanga uzazi, hivyo mwanamke anayezitumia hushauriwa kutumia kinga nyingine kwa siku saba.

Wajibu wa mgonjwa

Kabla ya upasuaji, ni vyema mgonjwa amweleze mtaalamu wa nusukaputi iwapo kuna jamaa yake aliyechelewa kuamka, aliyepandwa na joto kali au aliyefariki akiwa chini ya nusukaputi. Maradhi ya figo na ya udhaifu wa misuli pia yasifichwe, wala mzio wa dawa yoyote.

Maelezo hayo huchukua dakika chache tu, lakini ndiyo yanayomwongoza mtaalamu kuchagua dawa itakayomlegeza mgonjwa, na ile itakayomrejeshea nguvu zake.