Ghorofa ya Binti: Matengenezo ya Nyumba na Haki ya Bibi Harusi



Msimu wa harusi ukikaribia, nyumba nyingi visiwani kwetu hujaa mafundi. Ukuta unapigwa lipu, choo kinawekwa vigae, na juu panaongezwa chumba cha maharusi. Tunadhani ni mambo ya siku hizi. Kumbe wazee wetu wa pwani walitengeneza nyumba kwa ajili ya harusi zamani sana, na walikuwa na mpango ambao sisi tumeuacha. Tuanzie Lamu, ambako nyumba zenyewe bado zinausimulia.

Karne ya 18 Lamu ilikuwa na neema kubwa, na jamaa wenye mali walijenga nyumba za mawe. Kwa jamaa hao, binti akiolewa hakutoka kwao. Mume ndiye aliyehamia. Kwa hiyo baba mwenye mabinti aliijua kazi iliyo mbele yake: kila mmoja apate pa kukaa. Kuta za chini zilijengwa nene, kiasi cha nusu mita, zikaweza kubeba ghorofa baadaye. Binti akikua, nyumba ilipanda juu au ikaongezwa ubavuni. Palipowezekana walivuka hata njia, wakajenga chumba juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili. Chumba hicho huitwa wikio, na kiliwawezesha wanawake wa jamaa moja kutembeleana bila kushuka njiani.

Tuseme ukweli wote: hii haikuwa hali ya kila binti. Wengi waliishi nyumba za udongo na makuti, na sehemu kubwa ya kazi ngumu katika nyumba za mawe ilifanywa na watumwa. Uzuri wa nyumba hizo una jasho la watu ambao binti zao hawakupewa ghorofa.

Ujenzi wenyewe haukuruhusu haraka. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya lundo la magogo na kuchomwa mpaka yakawa chokaa. Chokaa ilizimwa kwa maji, ikaachwa iive, na kadiri ilivyokaa ndivyo ilivyokuwa bora. Ukuta ulipanda kidogo kidogo, sehemu ikauke kabla ya nyingine kuongezwa. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazina urefu mkubwa, vyumba vilikuwa vyembamba, karibu mita 3 tu. Sakafu ya chokaa na kokoto ilipigwa kwa vigongo, watu wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Ukitaka ghorofa ya harusi, basi, huanzi mwezi mmoja kabla. Huanza binti akiwa bado mdogo.

Subira hiyo ilikuwa na faida nyingine. Jengo lilipokuwa likipanda polepole mbele ya macho ya watu, jamaa na majirani walijua linajengwa kwa ajili ya nani. Na sheria yetu inataka zaidi ya kujulikana. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, hiba haikamiliki kwa maneno ya mdomo tu. Lazima mpewaji akabidhiwe kitu chenyewe. Baba akisema "ghorofa ile ni ya Fulani" kisha akafa kabla ya kuikabidhi, ghorofa hurudi kwenye mirathi na kugawiwa warithi wote. Pia Mtume (s.a.w.) alikataa kuwa shahidi wa zawadi aliyopewa mtoto mmoja huku wenzake wakinyimwa. Hivyo baba aliyemjengea binti wa kwanza alikuwa na deni la uadilifu kwa waliofuata.

Hapa Unguja tunalo funzo jingine, nalo ni wakfu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliwekwa wakfu, nyingine kwa misikiti, nyingine kwa vizazi vya mwenye nyumba. Mafakihi wanafundisha kwamba mapato ya wakfu kwanza yatengeneze mali yenyewe, kisha ndipo wanufaika wapate. Yaani paa linalovuja lina haki kabla ya mkono unaopokea kodi.

Mpango huo ukivunjika, nyumba haichelewi kusema. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziligawanywa kwa wapangaji wengi, na matengenezo yakakosa mwenyewe. Mwaka 1985 iliundwa mamlaka ya kuuhifadhi mji, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza katika urithi wa dunia. Lamu ikafuata mwaka 2001. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Nyumba ya zamani inayotengenezwa si mahali pa kubahatisha.

Sasa turudi kwenye chumba chako, bibi harusi.

Kama ukuta ni wa mawe na chokaa, usikubali upigwe lipu ya saruji kwa sababu tu inakauka upesi. Ukuta wa chokaa hupumua. Saruji huufungia unyevu na chumvi ndani, lipu ikabambuka, na vichwa vya boriti vikaoza ndani ya ukuta usikoviona. Tafuta fundi anayeijua chokaa, na upange tarehe ya harusi kwa kufuata ukuta unavyokauka. Kama nyumba iko Mji Mkongwe, kibali kitangulie nyundo.

Kisha liko swali ambalo wengi wetu tunaona haya kuliuliza: chumba hiki ni cha nani? Dada anauza dhahabu zake, chumba kinapanda juu ya nyumba ya wakwe, na hakuna karatasi hata moja. Siku ya talaka au msiba, nyumba inahesabiwa kuwa ya mzee na yeye anatoka na mabegi. Mahari na dhahabu zako ni mali yako kwa hukumu ya Qur'ani. Ukitaka kusaidia ujenzi, ni hiari yako na kuna thawabu. Lakini iandikwe kabla ya tofali la kwanza: ni zawadi, ni mkopo, au ni fungu lako katika nyumba. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inatuamuru kuandika deni na kuweka mashahidi. Anayeitii hamtukani mkwewe.

Nanyi akina mama mnaowajengea mabinti, wakabidhini. Funguo, hati na mashahidi, nyinyi mkiwa hai na akili zenu timamu.

Ya Rabbi, zijaalie nyumba zetu sakina na rehema, na kila mwenye haki apate haki yake. Amin.