Meno ya Mbwa-Rakuni na Fundisho la "Badilika au Uangamie"

Katika semina za utumishi wa umma, katika hotuba za mahafali na hata katika mikutano ya kuwaaga wafanyakazi waliopunguzwa kazini, limezoeleka fundisho moja: abadilikaye husalimika, asiyebadilika huangamia. Fundisho hilo huambatanishwa na jina la Charles Darwin ili lipate heshima ya sayansi. Darwin hakuandika hivyo. Kauli hiyo ilitokana na maneno ya Leon Megginson, profesa wa menejimenti wa Marekani, katika miaka ya 1960. Sipingi mabadiliko, ninachopinga ni kuifanya historia ya viumbe kuwa fimbo ya kuwachapia watu waliokwisha kuumizwa.

Nachukua mfano wa mnyama ambaye wengi wetu hatumjui, ingawa jamaa zake waliwahi kuishi hapa kwetu. Mbwa-rakuni ni wa ukoo wa mbwa na bweha: ana miguu mifupi, manyoya mazito, na weusi kuzunguka macho mithili ya barakoa. Makazi yake ya asili leo ni Asia ya Mashariki, tangu Vietnam, China na Korea hadi Japani na mashariki ya mbali ya Urusi. Hula karibu kila apatacho: panya, vyura, wadudu, samaki, matunda na mizoga. Kwenye baridi kali hulala kwa kipindi kirefu cha majira hayo, jambo ambalo halifanywi na mnyama mwingine yeyote wa ukoo wa mbwa.

Ulaji huu una historia, na historia hiyo imeandikwa katika meno. Gego kubwa la chini la wanyama wa ukoo huu lina sehemu mbili: ya mbele yenye makali, ikatayo nyama kama mkasi, na ya nyuma iliyo pana, isagayo. Kwa mbwa mwitu wa mbuga zetu, aishiye kwa kuwinda, hata sehemu ya nyuma imechongeka kuwa kisu. Kwa mbwa-rakuni mambo ni kinyume: eneo la kusagia limepanuka, na taya lake limeota uvimbe kwa chini, upande wa nyuma, ambapo hushika msuli wa kufungua kinywa. Uvimbe wa namna hiyo anao pia bweha masikio wa Serengeti, atafunaye mchwa kwa kasi ya ajabu.

Visukuku vinaonyesha kwamba maumbile hayo hayakuja kwa siku moja. Huko Perpignan, kusini mwa Ufaransa, yamepatikana mabaki ya spishi iitwayo Nyctereutes donnezani, ya takriban miaka milioni 4 iliyopita. Uvimbe wa taya lake bado ni hafifu. Katika tabaka changa zaidi za Perrier na Saint-Vallier, nchini humo humo, yupo Nyctereutes megamastoides, ambaye uvimbe wake umekua na magego yake yanafaa zaidi kusaga. Nchini China, visukuku vya bonde la Yushe vinasimulia mwelekeo unaofanana, kutoka Nyctereutes tingi hadi Nyctereutes sinensis. Hata hivyo, msomaji asisahau kwamba jino huonyesha kilichowezekana kuliwa. Haliorodheshi kilicholiwa kila siku.

Afrika nayo imo katika simulizi hii. Mwaka 2011 Lars Werdelin na Reihaneh Dehghani walieleza spishi mpya, Nyctereutes barryi, kutokana na visukuku vya Laetoli, Tanzania, mahali palipohifadhi nyayo za watangulizi wa binadamu za takriban miaka milioni 3.66. Jamaa zake wengine wametambuliwa Dikika nchini Ethiopia na Ahl al Oughlam karibu na Casablanca, Moroko. Leo hakuna mbwa-rakuni wa asili hata mmoja katika bara hili.

Hapa ndipo fundisho la semina linapovunjika. Nyctereutes megamastoides alikuwa amekwisha kubadilika. Alikuwa na magego ya kusagia na taya la mlaji wa vingi, kama walivyokuwa jamaa zake wa China. Wa Ulaya walitoweka. Wa Asia wakaacha kizazi kilichopo hadi leo. Meno ya namna moja, hatima mbili. Kubadilika kulikuwepo pande zote. Mazingira ya kuishi ndiyo yaliyokuwa tofauti.

Kisha likatokea jambo ambalo mageuzi hayakulipanga. Kati ya mwaka 1928 na miaka ya 1950, dola ya Kisovieti iliwaachia mbwa-rakuni takriban 9,000 katika maeneo yake ya magharibi, kwa ajili ya biashara ya manyoya. Wakaenea hadi Finland, Poland na Ujerumani. Ulaji wao mpana uliwasaidia sana kuenea, hilo halina ubishi. Lakini mlango ulifunguliwa kwa uamuzi wa serikali. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ukawaingiza katika orodha ya spishi vamizi. Ukoo uliowahi kuwa mwenyeji wa Ulaya kwa mamilioni ya miaka sasa unahesabiwa kuwa mgeni msumbufu.

Ndugu msomaji, binadamu si mbwa-rakuni, nami sitaki kutoa sera ya ajira katika taya la mnyama. Lakini wanaotaka kututolea sera humo wasome taya lote. Mfanyakazi wa kiwanda kilichofungwa aliyejifunza ufundi mwingine, akafungua genge, akafuga kuku, kisha bado akashindwa kulipa kodi ya pango, hakukosa moyo wa kubadilika. Amepanua magego yake kadiri alivyoweza. Swali lililobaki hawezi kulijibu yeye peke yake: ni nani aliyeamua kiwanda kifungwe, na soko la kuku wake liko wapi? Hilo ni swali la watunga sera, na haifai walikwepe kwa kujificha nyuma ya Darwin.