Kabla ya kuuliza ada ya chekechea, uliza cheti cha usajili

KILA ifikapo robo ya mwisho ya mwaka, mabango ya kutangaza nafasi za masomo huanza kuning'inia kwenye kuta na nguzo za umeme za Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na miji mingine nchini. Mengi hutaja mambo matatu: Kiingereza, usafiri na kompyuta. Ni machache yanayotaja idadi ya watoto wanaotunzwa na mlezi mmoja, na machache zaidi yanayoonyesha namba ya usajili.

Matokeo yake ni kwamba mzazi huchagua kwa kutazama rangi ya ukuta na bembea zilizo uani, ilhali mtoto wa miaka 2 au 3 atakayeshinda humo tangu asubuhi hadi jioni hana uwezo wa kusimulia kwa ukamilifu yaliyompata. Mkubwa asiporidhika na huduma huhama. Mtoto hulia tu, na kilio chake mara nyingi huchukuliwa kuwa ni deko. Ndiyo maana maswali ambayo mtoto hawezi kuuliza hana budi mzazi kuyauliza kwa niaba yake, tena kabla ya kulipa.

Milango miwili

Jambo la kwanza ni kutambua kwamba huduma ambazo wengi huziita kwa jina moja la chekechea, au vidudu kwa lugha ya zamani, ni za aina mbili, na kila moja ina sheria na msimamizi wake.

Aina ya kwanza ni kituo cha kulelea watoto wadogo mchana. Kazi yake ni malezi: kula, kulala, kucheza, usafi na ulinzi wa mtoto wakati mzazi yuko kazini. Vituo hivi viliwekewa sheria yake mwaka 1981, na sasa viko chini ya Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009. Usajili na usimamizi wake hupitia kwa maofisa ustawi wa jamii, ambao hupatikana katika kila halmashauri.

Aina ya pili ni darasa la elimu ya awali, ambalo huandaa mtoto kuingia darasa la kwanza. Hilo ni sehemu ya mfumo rasmi wa elimu, husajiliwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, na hukaguliwa na wadhibiti ubora wa shule. Kwa mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, elimu ya awali ni ya mwaka mmoja, na mtoto hutarajiwa kuanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6.

Zipo taasisi zinazotoa huduma zote mbili katika uwanja mmoja. Katika hali hiyo, kila huduma inapaswa kuwa na kibali chake. Cheti cha usajili hutundikwa ofisini. Kuomba kukiona si utovu wa adabu. Mwenye kituo anayekasirika kwa ombi hilo amekwisha kutoa jibu. Mzazi mwenye shaka anaweza kufika kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au kwa ofisa elimu wa kata iwapo ni darasa la awali, kuulizia kama kituo hicho kinatambulika.

Umri na mzigo wa masomo

Wazazi wengi wa mijini hupenda kuona mtoto wa miaka 3 akirudi na daftari lililojaa herufi. Husema samaki mkunje angali mbichi. Hata hivyo, kukunja si kuvunja. Misuli midogo ya vidole vya mtoto wa umri huo haijakomaa kushika penseli kwa muda mrefu, na usikivu wake hauwezi kustahimili kukaa kimya darasani asubuhi nzima. Anachojifunza kwa njia hiyo, mara nyingi, ni kuiogopa shule.

Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulijengwa juu ya umahiri wa aina 6, ukiwamo wa kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya na kumudu stadi za kisanii. Hesabu nazo zilikuwamo, lakini kama dhana za awali tu. Kwa maneno mengine, mchezo, hadithi, nyimbo na mazungumzo ndiyo masomo yenyewe. Kituo kinachojivunia mazoezi ya nyumbani kwa watoto wa miaka 3 kinapaswa kutiliwa shaka badala ya kusifiwa.

Vilevile, mzazi anayewaza kumpeleka mtoto mdogo bweni kwa sababu ya kazi afahamu kwamba tangu Machi 2023 Serikali ilipiga marufuku huduma ya bweni kwa wanafunzi wa awali hadi darasa la nne. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni haja ya watoto wa umri huo kulelewa na familia zao.

Nyaraka zinazotakiwa

Shule na vituo vingi huhitaji nakala ya cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, picha ndogo za mtoto, pamoja na majina na namba za simu za wazazi au walezi. Asiye na cheti cha kuzaliwa asingoje mwezi wa mwisho. Chini ya mpango wa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) uliozinduliwa mkoani Mbeya mwaka 2013 na kuenezwa katika mikoa mingine, watoto wenye umri wa chini ya miaka 5 husajiliwa na kupewa cheti bila malipo katika vituo vya tiba na ofisi za kata.

Kadi ya kliniki nayo si karatasi ya kujaza faili. Magonjwa kama surua huenea upesi pale watoto wengi wanapokusanyika chumba kimoja. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mara mbili, mtoto akiwa na miezi 9 na miezi 18, na dozi ya pili ndiyo inayosahaulika zaidi. Kituo kisichouliza kadi ya mtoto mmoja, hakikuuliza ya wenzake pia.

Katika shule za Serikali, ada ya elimu ya awali ilifutwa tangu Januari 2016, ingawa sare na daftari hubaki kuwa jukumu la mzazi. Uandikishaji kwa kawaida huanza miezi ya mwisho ya mwaka, na masomo huanza Januari.

Mambo ya kukagua

Ziara moja ya asubuhi, watoto wakiwapo, hufundisha kuliko kipeperushi. Mzazi ahesabu watoto, kisha ahesabu watu wazima. Kiwango kinachotambuliwa na Serikali kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 25. Kwa watoto wadogo zaidi, walezi wanapaswa kuwa wengi zaidi. Aulize pia walezi wamesomea wapi, kwani malezi ni taaluma yenye vyuo vyake.

Baada ya hapo atazame choo na mahali pa kunawia mikono, jiko na maji ya kunywa, uzio na lango, na mahali watoto wanapolala mchana. Aulize ni nani anayeruhusiwa kumchukua mtoto jioni, na kituo hufanya nini akija mtu asiyeandikwa. Aulize pia mtoto aliyekosea huadhibiwaje.

Gari la shule linahitaji uangalifu wa pekee. Aprili 2024, jijini Arusha, basi la shule lilisombwa na maji ya mafuriko na wanafunzi kupoteza maisha. Mzazi anayo haki ya kujua idadi ya watoto kwa kila safari, kama yupo mhudumu mbali na dereva, na kama majina huitwa wakati wa kupanda na wa kushuka.

Baada ya kuandikishwa

Kilio cha siku za mwanzo ni cha kawaida, na kwa watoto wengi hupungua ndani ya wiki chache. Husaidia kuanza na saa chache, kumuaga mtoto waziwazi badala ya kumtoroka, na kumfuata kwa wakati ulioahidiwa. Lakini mtoto aliyekwisha kuzoea akianza ghafla kukataa kwenda, kushtuka usingizini, kukojoa kitandani wakati alikwisha kuacha, au kumwogopa mtu mmoja mahsusi, asipuuzwe wala kuchapwa. Asikilizwe, na mwili wake uangaliwe wakati wa kuoga.

Penye dalili za kudhuriwa, taarifa hutolewa kwa ofisa ustawi wa jamii au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Ipo pia Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, ambayo hupigwa bila malipo.