Nidhamu Chanya Si Adhabu Mbadala

Katika Bunge la Tanzania yupo kiongozi anayeitwa Mnadhimu wa Serikali. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba wabunge wa upande wake wamo ukumbini wakati wa kura na kwamba shughuli za kambi yao zinakwenda kwa mpango. Waingereza, walioanzisha wadhifa huo, humwita kwa jina la mjeledi. Wakenya wamemwita kiranja. Jeshini nako yuko Mnadhimu Mkuu, mratibu wa shughuli za majeshi. Mnadhimu na nidhamu ni maneno ya mzizi mmoja. Hata hivyo, mtoto wa darasa la tatu akisikia neno nidhamu hafikirii uratibu wa aina yoyote. Anamfikiria mwalimu wa nidhamu, na mkononi mwa mwalimu huyo anaona kiboko.

Mzizi huo ni wa Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kupanga vitu kwa mfuatano, kama lulu zinavyotungwa kwenye uzi. Kutokana nao washairi wa Kiswahili walipata kitenzi nudhumu, yaani kutunga kwa mizani na vina. Kwa asili yake, basi, nidhamu ni mpangilio ambamo kila mmoja anajua nafasi yake na kazi yake. Maana ya maumivu imeingizwa na shule, si na lugha.

Ni vizuri kulikumbuka hilo kabla ya kuigusa istilahi ya nidhamu chanya, ambayo sasa imeenea katika semina za walimu, miongozo ya wizara na vikao vya wazazi kuanzia Mombasa hadi Mbeya. Wengi huitaja, wanaokubaliana juu ya maana yake ni wachache.

Fikra yenyewe ilianzia Vienna. Katika miaka ya 1920 daktari Alfred Adler alifungua vituo vya ushauri kwa wazazi na walimu, akishikilia kwamba mtoto anayeleta fujo mara nyingi anatafuta mahali pa kuwa na thamani miongoni mwa wenzake. Mwanafunzi wake, Rudolf Dreikurs, alihamia Chicago mwaka 1937 na kuyafanya mawazo hayo kuwa mbinu za darasani. Mwaka 1981 Mmarekani Jane Nelsen alitoa kitabu alichokiita Positive Discipline, na jina hilo ndilo lililotafsiriwa kwa Kiswahili kuwa nidhamu chanya.

Chanya kilikuwa kivumishi cha wanahisabati: namba chanya, namba hasi. Kilipotoka darasani kikapata makazi mapya katika mtazamo chanya, fikra chanya na malezi chanya, kikichukua maana ya jambo jema lenye kutia moyo. Hapo ndipo tafsiri inapoanza kuyumba. Mwalimu mwenye wanafunzi 90 darasani akiambiwa atumie nidhamu chanya, husikia kwamba ameambiwa acheke na kila kosa. Nelsen alisisitiza jambo jingine: upole na msimamo viende pamoja, bila kimoja kumeza kingine. Upole peke yake unamwachia mtoto uwanja, na msimamo peke yake unamwachia mkubwa fimbo.

Istilahi hii ina mshindani, nayo ni adhabu mbadala. Walimu wengi huipenda kwa sababu inajibu swali lao la papo kwa papo: kiboko kikiondoka, kiwekwe nini? Jibu linalopatikana huwa ni kufyeka nyasi, kudeki vyoo, kuchota maji, kupiga magoti juani au kuruka kichurachura. Adhabu imebaki, imebadilishwa umbo tu. Mtoto aliyechelewa akapewa choo cha kusafisha hujifunza mambo mawili: kwamba kuchelewa kuna bei, na kwamba kusafisha choo ni fedheha.

Dreikurs alipendekeza njia nyingine, ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa matokeo yenye uhusiano: hatua inayochukuliwa ihusiane na kosa lenyewe, iwe ya kiasi, na isimvunjie mtoto heshima. Aliyechora dawati kwa kisu atalipiga msasa akiwa na fundi. Aliyemtukana mwenzake atakaa naye mbele ya mtu mzima ayasikie maumivu aliyoyasababisha, kisha aseme atayarekebishaje. Anayechelewa kila Jumatatu ataulizwa sababu, na huenda ikagundulika kwamba nyumbani kwao kisima kiko mbali na yeye ndiye mchota maji.

Kiswahili hakikuwa tupu kuhusu hili. Kinatofautisha adabu na adhabu, maneno yenye asili mbili tofauti ambayo masikio yamezoea kuyachanganya: la kwanza ni la mwenendo mwema, la pili ni la mateso. Kina pia kitenzi kumrudi mtoto, ambacho ndani yake mna wazo la kumrejesha aliyepotoka njia. Mzazi anayesema amemrudi mwanawe huenda amemkanya kwa maneno, au amemchapa. Kitenzi chenyewe kinaangalia zaidi mtoto amefika wapi. Na methali iliyozoeleka katika kutetea fimbo, mchelea mwana kulia hulia yeye, inamwonya mzazi asiogope kumkatalia mtoto. Haijasema alie kwa sababu ya kupigwa.

Nusu ya pili ya nidhamu chanya husahaulika kwa wepesi zaidi, nayo ni majukumu ya pamoja. Ikiwa nidhamu ni mpangilio, lazima wanaopangwa wawe na sauti katika upangaji. Mwalimu Julius Nyerere alilisema hilo katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa Machi 1967. Alitaka shule iwe jumuiya yenye shamba lake, na wanafunzi washiriki kuamua kilimwe nini na mapato yatumikeje. Miaka ilivyopita, katika shule nyingi jembe lilibaki na uamuzi ukaondoka. Shamba la shule likawa mahali pa kupeleka watukutu.

Mfumo wa viranja nao una historia yake. Katika shule za bweni za Kenya, kwa miaka mingi kiranja aliteuliwa na walimu, akapewa chumba chake na mamlaka ya kuwaadhibu wenzake. Mei 1999, katika shule ya upili ya wavulana ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja vyumbani mwao usiku na kuwamwagia petroli. Wanne walifariki. Wakati huo kiboko kilikuwa bado halali nchini Kenya, kwa hiyo vigumu kudai kwamba ukosefu wa fimbo ndio uliowasha moto ule. Mwaka 2009 lilianzishwa baraza la kitaifa la wanafunzi wa sekondari, na shule zikahimizwa kuwa na viongozi wanaochaguliwa kwa kura badala ya kuteuliwa. Kiongozi aliyepigiwa kura hupeleka malalamiko ya wenzake kwa mwalimu mkuu, na maamuzi ya mwalimu mkuu huyarudisha kwa wenzake yakiwa na maelezo. Katika kazi hiyo ya kwenda na kurudi, neno nidhamu linaikaribia maana yake ya kale.

Ushahidi mzuri zaidi katika ukanda huu umetoka Uganda. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitengeneza mwongozo wa hatua sita wa kujenga shule njema, na mwongozo huo ukapimwa katika shule 42 za msingi wilayani Luwero kuanzia 2012 hadi 2014. Nusu ya shule ziliutumia kwa miezi 18. Nusu nyingine zilisubiri. Walimu hawakuletewa orodha ya adhabu mpya. Ziliundwa kamati za walimu, wanafunzi na wazazi, kukawa na mahakama za wanafunzi, malengo ya shule yakajadiliwa na wote, na kuta zikachorwa ujumbe uliokubaliwa. Mwishoni, katika shule zilizosubiri, asilimia 48.7 ya wanafunzi walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili na mtumishi wa shule katika wiki iliyotangulia. Katika shule zenye mwongozo walikuwa asilimia 31.

Takwimu hizo zisomwe pande zote. Pengo ni kubwa kwa kazi ya mwaka mmoja na nusu. Lakini bado karibu mtoto mmoja kati ya watatu alipigwa ndani ya wiki moja, katika shule zilizokuwa zimekubali kubadilika. Kuhusu masomo, alama za majaribio hazikutofautiana kwa namna ya kuhesabika. Anayeahidi kwamba nidhamu chanya itapandisha ufaulu papo hapo hapati msaada Luwero, na anayeogopa kwamba bila kiboko watoto wataacha kusoma hapati msaada pia.

Sheria za Kenya, Uganda na Tanzania kuhusu viboko hazilingani. Kenya ilifuta viboko shuleni mwaka 2001, ikaimarisha katazo hilo kwa Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 na kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, inayokataza pia mateso ya kiakili. Hata hivyo, kila wimbi la uchomaji wa mabweni huamsha wito wa kurudisha kiboko, na George Magoha, alipokuwa waziri wa elimu, alikuwa miongoni mwa waliouunga mkono hadharani. Uganda ilipiga marufuku adhabu hiyo shuleni kupitia marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016.

Tanzania Bara imebaki na kanuni za 1979 na marekebisho yake ya 2002, zinazoruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, vikitolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kuandikwa katika daftari maalumu. Masharti hayo yanajulikana kuliko yanavyofuatwa. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mjini Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu, na kesi ya mauaji ikafika Mahakama Kuu.

Kwa hiyo mwalimu wa Tanzania Bara anaweza kuhudhuria mafunzo ya nidhamu chanya asubuhi, na mchana akarudi kwenye ofisi yenye daftari halali la viboko. Istilahi imemfikia kabla ya sheria. Katika hali hiyo tafsiri anayoishika ina uzito wa kivitendo. Akiipokea kama adhabu mbadala, ataongeza safu nyingine kwenye daftari lilelile. Akiipokea kama mpangilio wa pamoja, atahitaji vitu ambavyo daftari halina: kikao cha darasa kila wiki, kanuni chache zilizotungwa na wanafunzi wenyewe, zamu za usafi ambazo hata mwalimu amo, na kamati ya wazazi inayoitwa kabla ya kosa kutendeka.