Baiti 348 na Mkono wa Kulia

Ubongo wa binadamu ni kama chungwa lililopasuliwa katikati: ukizitazama nusu zake mbili haraka, hutaona tofauti. Picha ya MRI iliyogeuzwa, kushoto kukawa kulia, haimshtui mtu. Pua bado iko mbele, kisogo bado kiko nyuma.

Kazi za nusu hizo, hata hivyo, hazilingani. Mwaka 1861 jijini Paris daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamka silabi moja tu, "tan". Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake akakuta umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Kufikia 1865, baada ya kuona wagonjwa wengine, alitamka wazi kwamba kwa watu wengi lugha hutegemea nusu ya kushoto. Tangu hapo, anayeandika kuhusu ubongo bila kusema ni upande gani ameacha nusu ya habari.

Ndiyo sababu historia ya muundo wa faili uitwao ANALYZE 7.5 hunivuta kila ninapoirudia. Ulibuniwa Mayo Clinic, Minnesota, Marekani, na kwa miaka mingi maabara nyingi za picha za ubongo ziliutumia. Kila picha ilikuwa na faili mbili: moja ya picha yenyewe, nyingine fupi ya baiti 348, yaani kichwa kinachoeleza picha ina ukubwa gani na namba zake zisomwe vipi. Mwongozo wake uligawa baiti hizo mafungu matatu: 40, 108 na 200. Katika fungu la mwisho, lililohifadhi historia ya picha, kulikuwa na baiti moja iliyoitwa orient, ya kueleza picha imekatwa na kupangwa kwa mwelekeo gani. Baada yake zilifuata baiti 10 zilizoitwa originator, nafasi ya maandishi kuhusu chanzo cha faili.

Huo ulikuwa mwongozo. Msimbo ulikwenda njia yake.

London, kundi la Karl Friston lilikuwa likiandika SPM, programu ya kuchambua picha za ubongo iliyoenea duniani kote. Lilihitaji kuhifadhi mahali ilipo sifuri, yaani nukta ndani ya ubongo ambayo vipimo vyote huanzia. Mwongozo wa ANALYZE haukuipa nukta hiyo nafasi. Basi SPM ikachukua zile baiti 10 za originator na kuweka humo namba, baiti mbili kwa kila moja. Namba ya kukuza thamani za picha nayo ikahamia kwenye sehemu ambayo jina lake lenyewe, funused1, linasema haitumiki. Programu iliyofuata mwongozo kwa uaminifu ilifungua faili hiyo ikitarajia maandishi, ikakuta takataka. Mimi siwalaumu waandishi wa SPM. Mpangaji asiyepewa kabati hutundika nguo mlangoni.

Suala la kushoto na kulia ndilo lililokuwa zito. Kwa kanuni ya ANALYZE, namba za mhimili wa kwanza huongezeka kuelekea kushoto kwa mgonjwa. Watafiti wengi wa ubongo walizoea ziongezeke kuelekea kulia. Isitoshe, wataalamu wa radiolojia huitazama picha kana kwamba wamesimama miguuni pa mgonjwa wakimwelekea, hivyo mkono wake wa kulia huwa kushoto mwa picha. Wengine huitazama kana kwamba wamesimama nyuma yake. (Kiswahili kimeufunga upande kwenye mwili: mkono wa kulia ni ule unaolia chakula, na unabaki kuwa huo hata mtu akikutazama uso kwa uso. Kompyuta haili.) Baiti ya orient ingeweza kusaidia, lakini programu nyingi hazikuijaza, na nyingi hazikuisoma.

Katika SPM2 jambo hili lilikaa kwenye mstari mmoja wa faili ya mipangilio, wenye thamani 1 au 0: chukulia picha zimegeuzwa, au usichukulie. Faili ya picha haikubadilika hata baiti moja, ila maabara mbili zenye thamani tofauti zingeisoma kama bongo mbili zinazotazamana kwenye kioo. Mashine ya hospitali ilikuwa imeandika mwelekeo wa mgonjwa vizuri ndani ya faili zake za DICOM. Habari hiyo ilipotea njiani, wakati wa kugeuza faili kuwa ANALYZE.

Watafiti walijihami kwa njia ninayoipenda kuliko kiwango chochote kilichowahi kuandikwa. Walichukua kidonge chenye mafuta ya vitamini E na kukibandika kwa plasta kwenye kichwa cha mtu, kwa kawaida upande wa kulia, kabla hajaingia kwenye mashine. Mafuta hung'aa kwenye MRI. Palipo na doa jeupe ndipo kulia, mwongozo useme utakavyo na msimbo ufanye utakavyo.

Mwaka 2003 waandishi wa programu kadhaa zilizoshindana walikutana katika taasisi za afya za taifa za Marekani, NIH, na matokeo yake yakawa muundo wa NIfTI-1. Mwongozo rasmi waliuweka ndani ya faili ya msimbo yenyewe, nifti1.h, ambayo sehemu kubwa yake ni maelezo ya Kiingereza yanayozunguka mistari michache ya msimbo. Humo imeandikwa bila kuficha kwamba mhimili wa kwanza unaelekea kulia, na kwamba utaratibu wa ANALYZE ulikuwa wa kinyumenyume kupita uvumilivu.

Kichwa kilibaki na baiti 348 ili programu za zamani ziendelee kukifungua. Lakini pale pa orient, baiti ya 252 ukihesabu kutoka sifuri, sasa imeanza namba ya baiti mbili inayosema mwelekeo wa picha ulipatikana wapi. Thamani 1 maana yake umetoka kwenye mashine. Katika kompyuta zetu nyingi, ambazo huandika baiti ndogo kwanza, programu ya zamani ikisoma baiti hiyo kwa mwongozo wa zamani itaona 1 vilevile, na kwake 1 ni picha iliyokatwa kutoka sikio hadi sikio, sambamba na uso. Haitalalamika.

Nao muundo mpya ukapata wapangaji wake. NIfTI-1 hairuhusu upande wowote wa picha kuzidi 32,767. FreeSurfer, programu kutoka Boston, huchora uso wa nusu moja ya ubongo kwa nukta 163,842. Ikaandika vipimo vya 27,307, 1 na 6, ambavyo vikizidishwa hutoa 163,842 kamili, na msimbo wake ukikutana na namba hizo tatu hujua kwamba huo si mchemraba wa picha. Mwongozo wa nifti1.h hausemi lolote juu ya hilo. Mwaka 2011 ikaja NIfTI-2, yenye kichwa cha baiti 540 na nafasi ya namba kubwa zaidi, na bado faili za namna ile zimejaa kwenye hifadhi, kiasi kwamba nibabel, maktaba ya Python ya kusomea picha hizi, imebeba ndani yake mistari ya kuzitambua.

Mimi nikipewa faili nisiyoijua asili yake, huanza na baiti nne za kwanza. Zikisomeka 348, sawa. Zikisomeka 1,543,569,408, ni 348 ileile iliyoandikwa kinyume. Kisha naenda kwenye ya 252. Kisha natafuta doa la kidonge.