Ushirikiano kazini: Funzo la visima vya mvuke Menengai

Ushirikiano kazini ni hali ya watu wenye ujuzi mbalimbali kutegemeana ili kutimiza lengo ambalo hakuna mmoja wao angelifikia peke yake. Si lazima wapendane wala wakubaliane kwa kila jambo. Kipimo chake ni kwamba habari humfikia anayezihitaji, kwa wakati ufaao, bila kufichwa.

Katika Bonde la Ufa, ukweli huo hudhihirika kwenye uchimbaji wa visima vya mvuke. Kenya ilianza kuzalisha umeme wa mvuke mwaka wa 1981 huko Olkaria, karibu na Naivasha, kwa mtambo wa megawati 15. Leo uwezo wa kawi hiyo nchini unapita megawati 900. Mnamo Februari 2011, kampuni ya serikali ya GDC ilianza kuchimba Menengai, volkeno iliyo kaskazini mwa Nakuru.

Kisima kimoja huenda chini kilomita mbili au zaidi. Kazi haisimami usiku wala mchana, hivyo wafanyakazi hupokezana zamu. Fundi anayeendesha mtambo haoni yanayotendeka ardhini. Hutegemea vipimo na wenzake. Wapo wanaosimamia maji na tope la kupoza kekee na kupandisha vipande vya miamba. Wapo wanaoshusha mabomba ya chuma na kuyashikiza kwa saruji. Nao wanajiolojia huchunguza vipande hivyo kwa hadubini, wakitafuta madini yanayoashiria kiwango cha joto.

Menengai, visima kadhaa vilifikia magma, yaani miamba iliyoyeyuka, katika kina cha kilomita mbili hivi. Dalili yake ilikuwa vipande vya kioo: magma iliyoganda ghafla ilipokutana na umajimaji wa kuchimbia. Fundi asipoarifiwa mapema, vyuma vyake vyaweza kunaswa na jasho la siku nyingi kupotea. Hapo cheo hakifai kitu. Lifaalo ni neno la aliye mbele ya hadubini.

Saa ngumu zaidi ni ya kukabidhiana zamu. Anayeondoka amechoka, na hushawishika kusema mambo ni shwari. Anayeingia naye huona haya kuuliza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Gesi ya haidrojeni salfaidi, inayonuka kama mayai viza, ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa. Aliye hatarini huenda asijue. Huokolewa na kifaa cha kupimia na mwenzake.

Afisi, hospitali na viwanda vina la kujifunza hapa. Kwanza, kila mmoja aelewe kazi yake na ya anayempokea. Pili, yaliyotokea katika zamu yaandikwe, hata yanayoaibisha. Tatu, mfanyakazi wa ngazi ya chini aweze kusimamisha kazi aonapo hatari, bila kuadhibiwa. Hata hivyo, kushirikiana hakufuti wajibu wa mtu binafsi, kwani jukumu la wote lisilo na mwenyewe huishia kuachwa.

Mwaka wa 2023, kituo cha Sosian cha megawati 35 kilianza kuzalisha umeme kwa mvuke wa Menengai. GDC huchimba na kuuza mvuke, Sosian huugeuza umeme, na Kenya Power huusambaza. Mmoja akizembea, taa haiwaki.